Roki Isiyokwaruza: Mwongozo Kamili wa Kupata Rekodi Safi na Kuisikiliza Sebuleni

Haupiti mwezi hapa Chumbageni, Tanga, bila mtu kuniletea sabufa, kakunja uso kama aliyeibiwa. "Fundi, spika zimekufa, gitaa linakwaruza." Nafungua, napima, naweka wimbo wangu: spika zinaimba. Naweka flashi yake: zinakwaruza. Spika haina kosa. Kosa limo ndani ya faili, na faili hilo hata ukilipigia kwenye spika za milioni kumi litakwaruza vilevile, tena waziwazi zaidi.

Mwaka jana kijana mmoja wa Makorora alinunua sabufa mbili kwa sababu ya albamu moja tu. Ya tatu nikamzuia mlangoni.

Roki ina mtego wake. Gitaa lake limekwaruzwa kwa makusudi: mpigaji anaisukuma amplifaya mpaka sauti ichanike, na mchaniko huo ndio utamu wenyewe. Kwa hiyo faili likiharibika, sikio linadhani ni gitaa. Kwenye dansi ungegundua mara moja, maana solo la Jamhuri Jazz au la Atomic Jazz linalia kama kengele, na likichafuka mtaa mzima unajua. Kwenye roki inabidi ujifunze kutenganisha mkwaruzo wa mpigaji na mkwaruzo wa faili. Ukishaweza hilo, mengine ni kutafuta tu.

Fuata hatua kwa mpangilio. Wanaoshindwa wengi huanzia hatua ya saba, au huanzia dukani.

## Unachohitaji

- Hedifoni za waya. Si lazima ziwe ghali, ila zizibe masikio vizuri. Simu yako ikiwa haina tundu la hedifoni, tafuta kigeuzi cha kuchomeka pale pa chaji.
- Waya wa AUX wa kutoka kwenye simu au kompyuta kwenda kwenye amplifaya au sabufa.
- Spika mbili, au sabufa yenye spika ndogo mbili. Kispika kimoja cha bluetuthi hakitoshi, kwa sababu kulia na kushoto vimerundikwa mahali pamoja.
- Kompyuta, hata ya kuazima kwa saa mbili, iliyowekwa programu za Audacity na Spek. Zote ni za bure.
- Flashi ya GB 32 na daftari dogo.
- Zulia zito au godoro la ziada, na mapazia.
- Saa moja ya utulivu. Kwa mitaa ya Ngamiani nashauri baada ya isha, bodaboda zikishapungua.

## Hatua ya 1: Jua kosa liko wapi

Chukua wimbo unaokukera. Zima kwanza ikwalaiza na besi ya ziada ya simu, chomeka hedifoni moja kwa moja kwenye simu, weka sauti ya wastani, sikiliza dakika moja.

Usisikilize gitaa. Sikiliza matoazi ya dramu, na herufi "s" kinywani mwa mwimbaji. Hivyo viwili havikukusudiwa kukwaruza, kwa hiyo vitakuambia ukweli. Toazi zima hupigwa "ting!", kisha hufifia polepole kama kengele ya baiskeli inayokupita. Toazi lililoharibika halififii. Linageuka "shwaaa" ya mchanga unaomwagwa juu ya bati, au linabwabwaja kama lililozamishwa majini.

Kama uchafu unausikia kwenye hedifoni, kosa ni faili: nenda hatua ya 3, ya 4 na ya 5. Kama hedifoni ni safi na spika ni chafu, kosa liko kwenye mipangilio, waya, spika au chumba: hatua ya 2 na ya 7 ndizo zako.

Onyo: usifanye jaribio hili kwa hedifoni za bluetuthi. Bluetuthi huibana sauti upya kabla ya kuirusha, na hapo utakuwa na washukiwa wawili badala ya mmoja.

Utajuaje umefaulu: unaweza kutamka kwa sentensi moja, "Kosa ni faili" au "Kosa si faili". Usiendelee kabla ya hapo.

## Hatua ya 2: Ivue sauti mapambo

Zima ikwalaiza ya simu. Zima besi ya ziada, na kile kitufe kinachofanya muziki usikike kama uko ukumbini. Kwenye sabufa, rudisha besi na tribo katikati.

Sababu ni hii. Sauti ya kidijitali ina dari, na wimbo wa roki mara nyingi umeshaligusa. Ukiongeza besi kwenye simu unaisukuma sauti ipite dari, na kinachopita hukatwa. Mkato huo husikika kama mkwaruzo. Watu wengi hutengeneza kosa kwa mkono wao wenyewe, kisha wanamlaumu aliyewauzia spika.

Kwenye simu weka sauti kama robo tatu, kisha ongeza au punguza kwenye amplifaya. Chomoa chaja wakati unasikiliza kwa AUX, kwani chaja nyingi huleta mvumo wa "zzzz" kupitia waya huohuo.

Halafu angalia waya za spika. Kama ni za kubana kwenye klipu nyekundu na nyeusi, hakikisha spika zote mbili zimefungwa sawasawa. Moja ikigeuzwa, besi hukonda na sauti ya mwimbaji haina makao, inakuzunguka kichwani kama mbu.

Neno kuhusu besi, maana hapa ndipo ninapogombana na wateja. Besi iliyowekwa kwa ajili ya singeli haifai kwa roki. Kwenye roki gitaa la besi linatembea. Lina noti zake, linapanda na kushuka. Sabufa iliyojazwa mpaka mwisho hufanya noti zote kuwa "duuu" moja.

Utajuaje umefaulu: ukifumba macho, mwimbaji anasimama katikati ya spika mbili, na unaweza kuufuata mwendo wa besi kwa kuuimba mdomoni.

## Hatua ya 3: Chagua nyimbo za kipimo

Hapa ndipo penye kazi na penye raha. Huwezi kujua faili ni chafu kama hujawahi kusikia lililo safi. Unahitaji rekodi chache unazoziamini, uzisikilize mpaka uzijue kama njia ya kwenda kwenu, kisha kila kitu kingine ukilinganishe nazo. Hizi ndizo ninazotumia dukani, na ninachokitafuta kwenye kila moja.

Pink Floyd, The Dark Side of the Moon (1973). Ilirekodiwa studio za Abbey Road, London, fundi mitambo akiwa Alan Parsons. Inaanza kwa mapigo ya moyo yanayotokea kimyani. Kama huyasikii mpaka sekunde nyingi zipite, chumba chako kina kelele au sauti iko chini mno. Kisha nenda kwenye "Time". Zile saa za ukutani zinazolipuka mwanzoni ni saa nyingi tofauti. Kwenye faili zuri utaweza kunyoosha kidole: ile pale, nyingine hii, ile kubwa nyuma. Kwenye faili baya ni rundo la vyuma.

Steely Dan, Aja (1977). Ilipata Grammy ya ufundi wa kurekodi. Wako wanaoiona ni roki iliyopigwa pasi kupita kiasi, na siwapingi sana, lakini kwa kupima hakuna mwalimu kama huyu. Kila chombo kina kiti chake. Kwenye wimbo wenye jina la albamu, Steve Gadd anafunguka kwenye dramu huku Wayne Shorter akipuliza saksofoni. Sikiliza kama ngoma ndogo na matoazi vinabaki vitu viwili hata vinapopigwa kwa kasi.

Dire Straits, Brothers in Arms (1985). Ilirekodiwa kidijitali kisiwani Montserrat. "Money for Nothing" inaanza taratibu, dramu zinajaa, zinajaa, halafu gitaa linaingia. Kuingia huko lazima kukushtue. Kama mwanzo na gitaa vina nguvu ileile, mtu ameubana wimbo, kama nitakavyoeleza kwenye hatua ya 4. Angalia pia urefu wake: kwenye CD ni dakika 8 na sekunde 26, wakati sahani ya santuri ya 1985 ilifupishwa. Urefu ni njia nzuri ya kujua ulichonacho kimetoka wapi.

Fleetwood Mac, Rumours (1977). "Dreams" ina vitu vichache sana: dramu, besi, sauti ya Stevie Nicks, na gitaa linalopita kama upepo. Kwa kuwa nafasi ni kubwa, kosa halina pa kujificha. "The Chain" nayo ina kipande cha besi peke yake kuelekea mwisho. Hapo ndipo utakapojua kama sabufa yako inapiga noti au inavuma tu.

AC/DC, Back in Black (1980). Huu ndio wimbo wangu wa kupima mkwaruzo. Kati ya pigo moja la gitaa na jingine kuna kimya, na kimya hicho kina kazi. Gitaa likate, kimya kiingie, gitaa lirudi. Ukisikia ukungu pale penye kimya, ama faili limebanwa ama chumba chako kinarudisha mwangwi.

Led Zeppelin, "When the Levee Breaks" (1971). Dramu ziliwekwa chini ya ngazi katika nyumba kubwa ya mashambani Uingereza, maikrofoni zikaning'inizwa juu. Unapaswa kuusikia ukumbi wenyewe, urefu wa dari lake, si ngoma pekee.

Nirvana, MTV Unplugged in New York. Ilirekodiwa 1993, ikatoka 1994. Magitaa hayana mchaniko mwingi, kwa hiyo ni rahisi kuanza nayo. Mwisho wa wimbo wa mwisho mwimbaji anasita, anavuta pumzi. Pumzi hiyo isikike ikiwa karibu, kama mtu aliye mbele yako.

Eagles, "Hotel California" ya mwaka 1994. Si ile ya studio. Ni ile ya jukwaani kutoka Hell Freezes Over. Mwanzoni kuna mapigo mazito ya ngoma chini ya magitaa. Ni kipimo kizuri cha besi, ingawa kwa kweli nimeusikia mara nyingi kiasi kwamba sasa nauweka na kwenda kuchukua chai.

Tinariwen, Tassili (2011). Watuareg wa Mali, waliorekodi jangwani kusini mwa Algeria, magitaa mengi yakiwa ya mbao yasiyo na umeme. Makofi na waitikiaji lazima wakae mbali kidogo nyuma ya mwimbaji. Wakikaa wote usoni pako, umbali umepotea.

Utaona sijaitaja bendi ya Queen. Mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa hapo ng'ambo, Zanzibar, mwaka 1946, na wateja huniletea "Bohemian Rhapsody" (1975) kama kipimo cha kwanza. Usianze nayo. Sauti za watu watatu zilirekodiwa tena na tena juu ya utepe, zikarundikwa mpaka zikawa kwaya, na kila kunakili utepe kuliongeza vumbi kidogo. Ukungu kwenye ile kwaya ni wa kuzaliwa nao. Ukiitumia kupimia, utaifukuza spika isiyo na hatia.

Toto IV (1982) nayo ilishinda Grammy ya ufundi wa kurekodi, na "Rosanna" ni dramu tamu mno za kupimia. Kwenye "Africa" furahia muziki. Jiografia ya mashairi yake, yanayouweka Kilimanjaro juu ya Serengeti, mwachie mtu wa Moshi acheke.

Huhitaji zote. Chagua tatu: moja yenye nafasi, moja yenye gitaa zito, moja ya sauti ya mtu. Zisikilize kwa hedifoni kila siku kwa wiki moja. Andika kwenye daftari sehemu tatu za kila wimbo unazozitegemea, kwa dakika na sekunde.

Utajuaje umefaulu: unaweza kutenga solo, rithim na besi kila kimoja peke yake, kama mzee anayesikiliza dansi anavyojua nani amekosea.

## Hatua ya 4: Tambua toleo

Albamu moja inaweza kuwa na matoleo kumi, na sauti zake hazifanani. Wengi hawajui hili. Wanasema "nina Nevermind" ya Nirvana, bila kuuliza ni ipi: ya 1991, au iliyofanyiwa masta upya, yaani kuandaliwa sauti upya kabla ya kutolewa, 2011 kwa kelele zaidi?

Kilichotokea ni ushindani wa nani anasikika kwa nguvu kuliko mwenzake. Lakini dari la CD haliongezeki. Ni kama Hiace ya Pongwe: ukitaka kila abiria aonekane mrefu, utawasimamisha wote, na wote watainamisha shingo. Ndivyo wanavyofanya: sehemu za chini zinapandishwa, vilele vinabanwa au kukatwa, mpaka mnong'ono na mlipuko vinakuwa na kimo kimoja. Dakika tano za kwanza unasema "mziki mnene!" Dakika ya kumi kichwa kinauma na hujui kwa nini.

Mfano maarufu ni Death Magnetic ya Metallica (2008). Nyimbo zilezile zilitolewa pia ndani ya mchezo wa kompyuta wa Guitar Hero, na huko hazikubanwa vile. Mashabiki wakaziweka pamoja wakasikia tofauti, wakalalamika hadharani. Californication ya Red Hot Chili Peppers (1999) ina lawama hiyohiyo. Kama ulikuwa na albamu hizi mbili ukadhani spika zako ni mbovu, ziombe radhi.

Jinsi ya kutambua:

1. Soma maandishi madogo pembeni ya jina. Neno la kufanyiwa masta upya na mwaka wake linakuambia si toleo la awali.
2. Fungua Discogs, tovuti inayoorodhesha matoleo ya kila albamu kwa mwaka, nchi na namba ya CD. Linganisha na ulichonacho.
3. Tafuta albamu kwenye Dynamic Range Database. Kila toleo limepewa namba ya tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo. Kuanzia 14 kwenda juu ni nzuri, 8 hadi 13 ni wastani, 7 kushuka chini imebanwa vibaya. Namba za santuri usizilinganishe na za CD, kwa kuwa namna ya kupima hupandisha za santuri bila sababu ya kweli.
4. Fungua faili ndani ya Audacity utazame mchoro wake. Wimbo wenye uhai unafanana na mgongo wa samaki aliyeliwa: miiba mirefu, mifupi, nafasi katikati. Uliobanwa ni tofali, umenyooka juu na chini.

Onyo: usigeuze hili kuwa dini ya "cha kale ndicho chema". CD nyingine za miaka ya 1980 zilitengenezwa kwa nakala ya nakala ya utepe, zikatoka zimekonda. Na kuna marekebisho yaliyosaidia: Rush walitoa Vapor Trails mwaka 2002 ikiwa imebanwa vibaya, kisha 2013 ikachanganywa upya na ikapumua. Tazama mchoro, sikiliza matoazi, ndipo uamue.

Utajuaje umefaulu: unayo matoleo mawili ya wimbo mmoja, na unajua mwaka wa kila moja.

## Hatua ya 5: Pata faili lenyewe

Faili la kibandani limepita mikono mingi. Mara nyingi lilitolewa YouTube, likageuzwa MP3, likarushwa WhatsApp, likageuzwa tena. Kila mgeuzo unatupa kitu. Ni fotokopi ya fotokopi. Herufi zinasomeka, lakini sura imeondoka.

Njia zinazofaa ni hizi.

Programu za kusikilizia mtandaoni. Ingia kwenye mipangilio uchague ubora wa juu kabisa, kwa kusikiliza na kwa kupakua. Programu nyingi huanza na ubora unaojirekebisha kulingana na mtandao, na jioni mtandao ukizidiwa unashushwa bila kuambiwa. Kwa hiyo pakua usiku, sikiliza kesho. Bando lako lihesabu hivi: kilobiti 320 kwa sekunde hula kama MB 2.4 kwa dakika, yaani albamu ya dakika 45 ni kama MB 110. FLAC (aina ya faili isiyotupa kitu) ya ubora wa CD ni kati ya MB 250 na 300 kwa albamu hiyohiyo.

Kununua faili. Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni, huuza albamu na kukuachia uchague FLAC au MP3. Unalipa kwa kadi, na kadi za mtandaoni zinazotolewa na baadhi ya huduma za pesa za simu hufanya kazi. Wasanii wakubwa wa zamani wengi hawapo huko, lakini kwa roki ya Sahara na bendi ndogo ni hazina.

CD kuukuu. Hii ndiyo njia yangu. Ukiwa na ndugu au shemeji Uingereza, mwombe akupitie kwenye maduka ya vitu vilivyotumika. CD huko zimekuwa bei ya karanga. Mtumie namba ya toleo kutoka Discogs ili asikuletee tofali. Kisha igeuze kuwa FLAC kwa programu ya bure ya Exact Audio Copy, ambayo husoma CD kwa uangalifu na kukuonyesha palipokwama.

Hata ukiambiwa ni FLAC, hakikisha. Mtu anaweza kuchukua MP3 ya kilobiti 128 akaigeuza FLAC. Faili linanenepa, sauti haiongezeki. Lifungue kwenye Spek. FLAC ya kweli ya CD huonyesha rangi zikipanda mpaka karibu na kilohezi 22 (kipimo cha wembamba wa sauti), hata kama zinafifia. MP3 ya 128 imekatwa kama kwa panga kwenye kilohezi 16 hivi. Usijaribu kulisikia hilo kwa sikio. Watu wazima wengi hawasikii vizuri huko juu, mimi nikiwemo.

Sasa niseme linaloudhi wapenda vifaa: kati ya MP3 nzuri ya 320 na FLAC ya toleo hilohilo, wengi hawatasikia tofauti, na dukani kwangu sijawahi kuisikia kwa uhakika. Kati ya toleo lililobanwa na lisilobanwa, mama yangu ataisikia akiwa jikoni. Ukiwa na bando dogo, litumie kutafuta toleo sahihi, si kukimbilia faili kubwa.

Utajuaje umefaulu: Spek haionyeshi mkato wa panga, Audacity haionyeshi tofali, na matoazi yanafifia.

## Hatua ya 6: Linganisha kwa kimo kimoja cha sauti

Sikio hupenda chenye nguvu zaidi. Tofauti ya desibeli moja tu inatosha kukufanya useme "hii ni safi zaidi", wakati ni kubwa zaidi. Toleo lililobanwa linashinda kila mara kwa hila hii.

Kwenye kompyuta tumia programu ya kusikilizia ya foobar2000 na uwashe kipengele chake cha ReplayGain. Itayashusha mafaili yote mpaka kimo kimoja. Kwenye programu za mtandaoni washa kipengele cha kusawazisha sauti za nyimbo.

Kisha mwite mdogo wako abadilishe matoleo bila kukuambia ni lipi. Fanya mara kumi, wewe unaandika. Ukipatia tisa, tofauti ipo kweli. Ukipatia tano au sita, ulikuwa unabahatisha, na hakuna aibu.

Utajuaje umefaulu: daftari lina jibu moja kwa kila albamu, na hukulichagua kwa kusoma jina lake.

## Hatua ya 7: Panga chumba

Nyumba zetu ni saruji chini, saruji ukutani, bati juu. Piga kofi moja katikati ya sebule. Ukisikia "trrrr" ya haraka baada ya kofi, hiyo ndiyo inayokula kimya cha AC/DC.

Weka spika mbili na kichwa chako viwe pembetatu yenye pande sawa, mita mbili hivi kila upande. Spika ziwe kwenye kimo cha masikio. Stuli au matofali yanatosha. Zisogeze mbali na ukuta angalau sentimita 40. Sabufa itoe kwenye kona, maana kona huongeza besi na kuifanya ivume.

Sakafuni kati yako na spika tandika zulia zito. Mkeka wa ukili ni mzuri kwa kukalia, lakini kwa sauti hufanya kidogo sana. Godoro lililosimamishwa nyuma ya kochi hufanya kazi kubwa kuliko vitu vingi vya dukani. Mapazia yawe mazito na yenye mikunjo.

Feni ni mtihani. Mwezi wa pili Tanga bila feni ni adhabu, lakini pangaboi likiwa kasi linafunika mapigo ya moyo ya Pink Floyd yote. Liweke taratibu kabisa kwa zile dakika za kupima, kisha lirudishe. Mvua ikinyesha kwenye bati, zima uende kulala.

Utajuaje umefaulu: piga kofi tena, "trrrr" imekufa. Weka "Back in Black": kimya kimerudi mahali pake.

## Hatua ya 8: Tunza ulichopata

Kila folda iandike jina la msanii, albamu, mwaka wa toleo na ulikolipata. Bila mwaka, baada ya miezi sita utakuwa na Nevermind tatu usizozijua.

Weka nakala mahali pawili, kwa sababu flashi hufa bila kuaga. Chumvi ya bahari hapa kwetu hutafuna ncha za waya. Kila baada ya miezi miwili zifute kwa kitambaa chenye spiriti, umeme ukiwa umezimwa. Ukisikia "kraa kraa" unapozungusha waya wa AUX, si rekodi, ni kutu. Raskazone na Sahare futeni kila mwezi.

Yule kijana wa Makorora tulimtafutia toleo jingine la albamu yake, jioni moja. Sabufa yake ya kwanza ndiyo anayoitumia mpaka leo. Ya pili ninayo hapa dukani, inauzwa, haina kosa lolote.